Barua zenu: dhambi ni ya padri, jinai ni ya hakimu?

Mwezi uliopita niliandika hapa mstari mmoja tu, kwamba kuzini ni dhambi lakini kwa sheria ya Uganda ya leo si jinai, basi tangu siku hio simu yangu haijapumzika. Wengine wamenishukuru (hao sitaki kujua wana shughuli gani), wengine wanasema nimetumwa. Kwa hiyo toleo hili nimeweka barua zinazogusa jambo hilo hilo, Ukristo na sheria ya jinai, nani alimzaa nani. Nawakumbusha tu mimi si wakili, nilikuwa mkalimani wa korti miaka mingi, nageuza Kiingereza cha hakimu kuwa Kiswahili cha mshtakiwa na kurudi, kesi yako wewe mpelekee wakili.

Mzee wa korti, pole na kazi. Hapa steji yetu tumebishana mpaka abiria wametukimbia. Mwenzangu mlokole anasema sheria zote za jinai zimetoka kwa Amri Kumi, ndio maana korti wanaapa na Biblia. Mimi nasema ni za mkoloni, Biblia ilikuwa ya kutulaza usingizi. Nani anunue rolex (chapati ya mayai)? – Dereva wa boda, Jinja

Nunueni wote wawili mle pamoja, manake kila mmoja ameshika nusu.

Tuanze na mlokole. Mwambie azihesabu hizo amri polepole. Kuabudu miungu mingine, polisi hawana habari. Sabato, hakuna, Jumapili watu wanauza nyanya na askari wananunua. Kuheshimu baba na mama hakuna, ingawa sisi wazee tungependa sana. Kutamani mali ya jirani hakuna mpaka uinyooshee mkono. Kuzini ilikuwemo ikatoka 2007, nitaifikia. Zinazobaki wazi kabisa ni kuua, kuiba na kushuhudia uongo, na hio ya mwisho ni mpaka uwe umeapa. Na hizo, babu zetu walikuwa wanaziadhibu kabla wamisionari wa Kianglikana hawajafika Buganda 1877 na wale Mapadre Weupe 1879. Mwizi hakuhitaji Musa ndio apigwe.

Sasa wewe. Ni kweli sheria yenyewe ni ya mkoloni tena ilizunguka dunia kwanza. Mwaka 1902 Waingereza walitangaza sheria yao itumike Uganda, na upande wa jinai wakatuletea kanuni ya adhabu ya India, ile ya 1860. Mwaka 1930 wakaiondoa wakaweka nyingine ambayo mizizi yake iko Queensland, Australia, kwa kanuni aliyoiandika Samuel Griffith ikapitishwa 1899. Hii tunayotumia leo ilianza Juni 1950. Hapo kote hakuna mmisionari aliyeketi akaandika kifungu.

Lakini hao wanasheria wa Kiingereza walikuwa wamelelewa na nani? Mfalme wao Alfred, karne ya tisa huko, kitabu chake cha sheria alikifungua kwa hizo hizo Amri Kumi. Karne nyingi kanisa lilikuwa na mahakama zake, likihukumu uzinzi, kuapa uongo na mengineyo, na mtu akiulizwa na padri kwenye maungamo haulizwi tu umefanya nini, anaulizwa ulitaka? ulikuwa umelewa? ulilazimishwa? ilikutokea kwa bahati mbaya? Mapadri walikuwa na vitabu vya kuwaongoza, dhambi moja lakini toba tofauti kulingana na moyo ulivyokuwa. Na hapo ndio mimi naona Ukristo uliingia kwa sheria ya jinai kuliko mahali pengine pote, si kwa orodha ya makatazo, ni kwa hilo swali.

Nikiwa korti neno lililonipa kazi kuliko yote lilikuwa kukusudia. Kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia. Mshtakiwa anasema ndio nilimpiga na akafa, anakaa chini akidhani kesi imekwisha, kumbe kwa hakimu ndio inaanza, manake lazima upande wa mashtaka uthibitishe kichwa chake kilikuwa na nini wakati mkono unashuka. Kwenye Kumbukumbu la Torati kuna mtu anakata mti na mwenzake, shoka linachomoka kwenye mpini linamuua yule mwingine, na huyo anaruhusiwa kukimbilia mji wa makimbilio asiuawe, kwa sababu hakumchukia. Alafu kuna Augustino, askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba kule Algeria, yaani Mwafrika mwenzetu huyo. Alikuwa anahubiri juu ya kiapo cha uongo akasema ulimi hauna hatia mpaka nia iwe na hatia. Mwanzoni mwa karne ya 12 sentensi yake ikaingizwa kwenye kitabu cha sheria Uingereza na mpaka kesho wanafunzi wa sheria Makerere wanaikariri kwa Kilatini. Warumi nao walikuwa na mawazo yao ya nia, siwanyimi haki yao, lakini aliyeliingiza kichwani mwa Mwingereza ni kanisa.

Ingine ambayo watu hawaijui. Zamani huko Ulaya kesi ikiwashinda walikuwa wanakupa chuma cha moto ushike, au wanakutupa majini, Mungu aamue, na padri anabariki chuma. Mwaka 1215 mtaguso wa Roma chini ya Papa Innocent wa Tatu ukawakataza mapadri kubariki mambo hayo. Sasa bila padri chuma ni chuma tu, majaji wa Uingereza wakabaki hawana pa kushika, ikabidi waulize watu kumi na wawili wa kijijini. Sisi Uganda hatukupewa hao kumi na wawili, Mahakama Kuu tunao wale wazee wa baraza wawili wanaomshauri jaji, lakini ni ukoo mmoja.

Na jela. Wazo la kumfungia mtu muda mrefu ili abadilike, si kumchapa tu au kumnyonga, lilisukumwa sana na Wakristo wa Philadelphia, Marekani, wale Wakweka, kuanzia 1790, na mwaka 1829 wakafungua gereza kubwa la vyumba vya mtu mmoja mmoja, uwe na Biblia na kazi ya mikono na kimya, utubu. Hata jina la Kiingereza la jela ya namna hio limetoka kwenye toba. Sasa chukua hilo wazo uende nalo kwenye jela zetu uone watu wanavyolala wamepangwa kama mukene, wale dagaa, utubu saa ngapi na mguu wa mwenzako uko usoni kwako.

Mwisho kwako dereva, usidhani hilo swali la moyo lilifuatwa siku zote. Mpaka 2009 ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia jaji alikuwa hana njia, ni kitanzi, hata kama ameona wewe ni mama uliyepigwa miaka kumi. Ilibidi wafungwa 417 waende kortini, kesi ya Susan Kigula, na Mahakama ya Juu ikasema Januari 2009 kwamba kumlazimisha jaji atoe kifo ni kinyume cha Katiba. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gereza la Luzira, akatoka 2016. Watu 28 walionyongwa mwaka 1999 hawakuifikia hio siku.

Asalaam aleikum mzee. Mimi ni Mnubi wa hapa Arua. Niliitwa shahidi, nikaapa kwa Kurani. Kama sheria ni ya Wakristo, kiapo changu kina uzito? Na mtu akiitukana dini yetu tunalindwa sawa na wao? – Hajati, Arua

Waaleikum salaam Hajati. Uzito ni ule ule, na asiye na kitabu anaruhusiwa kuthibitisha bila kitabu, na akidanganya anashtakiwa kama wewe. Katiba ya 1995 ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali.

La pili litakufurahisha. Huko Uingereza kwenyewe jaji mmoja mkubwa, Matthew Hale, alisema mwaka 1676 kwamba Ukristo ni sehemu ya sheria ya nchi, na kosa la kukufuru likawa linalinda Ukristo peke yake mpaka walipolifuta 2008. Lakini walipokuwa wanatunga kanuni ya India, na Wahindu na Waislamu wamejaa, waliogopa fujo, wakaandika vifungu vinavyolinda dini ya kundi lolote, mahali popote pa ibada, makaburi yoyote. Vifungu vya namna hio ndio tulivyo navyo sisi. Yaani mkoloni alitupa chenye usawa kuliko alichobakiza kwake. Na lile la nia nililomwandikia kijana wa Jinja wewe umelijua tangu madrasa, matendo huhesabiwa kwa nia, kwa hiyo usiwaachie walokole walibebe peke yao.

Kaka, mdogo wangu aliokoka Pasaka hii akasimama mbele ya kanisa akaungama kwamba miaka sita iliyopita aliiba pikipiki ya jirani akavusha akaiuza Kenya. Jirani alikuwa amekaa benchi la tatu! Jirani amesamehe, lakini kijana wake amekwenda polisi. Mchungaji anasema Mungu akishafuta amefuta. Ni kweli? – Mama wa watoto wanne, Busia

Mama, kwa Mungu nina imani amefuta, lakini faili la polisi halina uhusiano na damu ya Mwanakondoo. Wizi wa hivo unaweza kumfunga mtu miaka na hakuna siku kosa kama hilo linaoza likaisha lenyewe.

Kuhusu maungamo, watu wanachanganya. Sheria ya ushahidi inakataa maungamo uliyomwambia askari aliye chini ya cheo cha inspekta msaidizi, labda uyafanye mbele ya hakimu, hiyo ni kinga ya kuzuia kipigo cha kituoni. Kanisani hakukuwa na askari anayemuuliza. Alisimama mwenyewe, akashika maikrofoni mwenyewe, kwa hiyo mtu yeyote aliyesikia anaweza kuitwa kusema alichosikia. Akija kuyakana, majaji wetu tangu kesi ya Tuwamoi ya 1967 wanatakiwa wawe waangalifu, watafute kitu kingine cha kuunga mkono, lakini hawalazimiki kuyatupa.

Msamaha wa jirani nao haumalizi. Hakimu anaruhusiwa kuwapatanisha watu kwa makosa madogo kama kupigana kidogo, pikipiki si ndogo. Na sikilizeni hapa vizuri, msiende usiku na bahasha kumwambia yule kijana aondoe kesi, kupokea pesa ili kosa kubwa lizikwe ni kosa lingine linalojitegemea. Kama mnarudisha thamani ya pikipiki, na mrudishe, fanyeni mchana, kwa maandishi, wakili akiwepo, LC, yaani kiongozi wa kijiji, akiwepo. Haifuti kosa lakini ofisi ya mwendesha mashtaka inaweza kuiangalia, na siku ya adhabu hakimu anaipima.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Walokole wa kwanza kwetu, ule uamsho wa miaka ya 1930, kwao kutubu bila kurudisha ilikuwa bado hujatubu. Watu walitembea kwa miguu kurudisha ng'ombe, pesa za serikali, hata majembe. Mila zetu nyingi nazo zilikuwa hivo hivo, ulichovunja lipa, alafu mle pamoja. Sheria iliyokuja na meli ikasema hapana, aliyekosewa ni Serikali, jirani yako ni shahidi tu. Kwa hiyo kwa kanisa ilichukua maungamo, msamaha ikauacha pale mlangoni na viatu.

Wewe ndio uliyeleta maneno mwezi uliopita. Mume wangu nilifunga naye ndoa ya kanisa, sasa ana mwanamke Soroti na kila mtu anajua. Kwa nini nisimfunge? – Mwenye hasira, Mbale

Pole dada, lakini hata kabla ya 2007 usingemfunga, na hapo ndipo utakasirika zaidi. Sheria ya zamani ya uzinzi ilikuwa inasema mwanamume ana kosa akilala na mke wa mtu. Kama huyo wa Soroti hana mume, mumeo yuko salama. Wewe lakini ukilala na mwanamume yeyote asiye mume wako, umekosa. Na mwanamume akipatikana, faini ilikuwa haizidi shilingi 200 na fidia 600 kwa mwenye mke, pesa ambayo leo ni kama hakuna, sheria walikuwa hawajaigusa. Shirika la kutetea wanawake, Law and Advocacy for Women in Uganda, likaipeleka Mahakama ya Katiba na mwaka 2007 ikafutwa, kwa sababu inabagua, ibara zote za usawa zilikuwa zinaipinga.

Sasa hio haikutoka kwa Biblia bwana, Biblia iliwataka wote wawili. Hio ni mume kumiliki mke, ikavaa kanzu ya kanisa. Waingereza waliwahi kujaribu ya Biblia, mwaka 1650, wale Wapuritani baada ya kumkata mfalme kichwa, wakaweka adhabu ya kifo kwa uzinzi, lakini hata wao ilikuwa kwa mwanamke aliyeolewa na mwanamume aliyelala naye. Mfalme aliporudi 1660 wakaiacha.

Ulicho nacho wewe ni talaka, uzinzi bado ni sababu mbele ya korti. Na kama amekwenda akafanya sherehe ya ndoa na huyo wa Soroti, hata ya kimila, wakati ndoa yenu ya kanisa iko hai, hapo kuna jinai kweli, mpaka miaka mitano. Katika miaka yangu yote sikuwahi kutafsiri hata kesi moja ya hivo, wanaume wa nchi hii wana bahati.

Jirani zangu wananiita mchawi, wanasema hata Biblia inasema mchawi asiishi, LC anataka nihame. – Tororo

Usihame. Uingereza yenyewe iliyokuwa inanyonga kwa maneno hayo ya Kutoka iliacha 1735, baada ya hapo mtu akawa anaadhibiwa kwa kudanganya watu kwamba ana nguvu za uchawi. Sisi tuna sheria ya uchawi ya 1957, na yenyewe inasema ibada ya mizimu ya nia njema na dawa za kienyeji si uchawi. Ilikuwa inaruhusu korti kukufukuza kijijini baada ya kifungo, bwana mmoja aitwaye Abuki akafukuzwa miaka kumi, akaenda Mahakama ya Katiba 1997, ikaonekana kumtoa mtu nyumbani na shambani kwake ni ukatili, na Mahakama ya Juu ikakubali 1999. Kama korti imekatazwa kukuhamisha, LC amepata wapi? Kawaone polisi mapema, usingoje wakusanyike.

Mzee mwenzangu, mimi ni askari mstaafu niko Gulu. Kanisa lilituambia tusamehe, waliotukata, wale waasi wa Kony, wakapewa cheti cha msamaha, godoro na jembe. Alafu wengine wakapelekwa korti. Ukristo unasema nini hasa, samehe au funga? – Afande, Gulu

Afande, barua yako niliiweka wiki mbili mezani.

Nadhani hapo kwenu ndio mahali pekee Uganda ambapo kanisa lilijaribu kuirudisha ile nusu iliyoachwa mlangoni. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waothodoksi pamoja, waliungana mwishoni mwa miaka ya 1990, na walikuwa wazito sana katika kusukuma sheria ya msamaha ya mwaka 2000, ya kwamba anayetoka porini akaacha silaha hashtakiwi. Haikuwa maneno ya mimbarini tu. Mwaka 2003 Askofu Mkuu Odama na wenzake walikwenda kulala nje mjini Gulu pamoja na wale watoto waliokuwa wanakimbia vijiji kila jioni. Na kuna wale wasichana 139 wa Aboke waliotekwa Oktoba 1996, Sista Rachele akawafuata waasi porini akarudi na 109, 30 wakabaki. Angelina Atyam, binti yake alikuwa kati ya hao 30, akatangaza mbele za watu kwamba amesamehe. Mimi nina watoto, nikijaribu kujiweka pale sifiki.

Na msamaha huo ulikuwa umeolewa na mila yenu, mato oput, mnakunywa mizizi michungu kibuyu kimoja, lakini kabla ya kunywa mtu anasema ukweli na ukoo unalipa culo kwor, ile fidia ya aliyeuawa. Hapo ndipo mimi naona cheti cha serikali kilikosea, kilitoa msamaha bila kuuliza ukweli na bila kumlipa aliyekatwa. Wewe uliyekatwa ulipewa godoro? Basi.

Alafu sheria ile nyingine ikaja. Mahakama ya kimataifa ya jinai kule The Hague ilitoa hati za kumkamata Kony na makamanda wake wanne mwaka 2005. Mmoja wao, Dominic Ongwen, akapatikana na hatia 2021, akapewa miaka 25. Mawakili wake waliomba mambo ya mila yaingizwe kwenye adhabu, majaji wakakataa, ila walimpunguzia kwa kuwa alitekwa akiwa mtoto anakwenda shule. Unaona swali lile la moyo limerudi, mtoto aliyefundishwa kuua alikusudia nini?

Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa Kony, yeye aliomba cheti hicho hicho cha msamaha akanyimwa. Mahakama ya Katiba 2011 ikasema apewe kama wenzake, Mahakama ya Juu 2015 ikasema hapana, msamaha haufuniki kuwaua na kuwatesa raia. Oktoba 2024, hapo hapo Gulu, akapewa miaka 40, wakatoa 15 aliyokaa rumande, ikabaki 25.

Kwa hiyo Ukristo ulikuwa pande zote mbili, upande wa cheti na upande wa kizimba, na mimi nikiulizwa ningependa wangeanza na aliyekatwa. Kama uliketi kortini siku ile ya hukumu niandikie watu walipokea vipi, mimi nilikuwa Kampala nasikiliza redio na umeme ukakatika kabla jaji hajafika kwenye fidia.